Jani Nililolikata Mwenyewe

Fulana ya mpango ninayo mpaka leo. Walinitumia ujumbe niirudishe pamoja na kitambulisho. Kitambulisho nilirudisha, fulana thubutu. Nafutia mafuta ya cherehani, na yale maandishi ya mgongoni, "Rafiki wa Kujitolea", yanazidi kufifia. Mafundi wenzangu wananitania kwamba siku yakifutika yote nitabaki sina rafiki. Nawaambia mimi marafiki sikupewa na fulana.

Nashona viti vya magari mtaani Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, mwanamke peke yangu katikati ya watu wa injini na wa kupiga rangi. Mikono yangu ni migumu na mdomo wangu hauna breki. Hilo nalisema mapema, msije mkasema hamkuambiwa.

Niliingia kwenye ule mpango kwa tangazo lililosomwa kanisani mwisho wa ibada, baada ya matangazo ya ndoa. Walitafutwa watu wazima wa kujitolea kuwa karibu na vijana wa malezi ya kambo, yaani watoto waliotolewa kwenye vituo vya kulelea watoto wakapewa familia za kuwalea. Mimi mwenyewe nililelewa kwa shangazi. Hakunitesa, Mungu ampumzishe, lakini nilijifunza kwake namna ya kula huku unaangaliwa, na namna ya kucheka taratibu mpaka ujue kama unaruhusiwa. Nikasema hili ni langu.

Tukapewa semina ya siku mbili, na soda na sambusa, na dada mratibu mwenye sauti tamu akatusomea masharti. Usitoe zawadi. Usitoe ahadi. Usigombane na mama mlezi. Mtembelee kijana wako Jumamosi mbili kila mwezi, kisha ujaze fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na mahali pa kuweka tiki: anafurahi, anafurahi kiasi, hafurahi. Nikanyoosha mkono nikauliza, na kama amekasirika? Dada mratibu akasema hiyo imo ndani ya hafurahi. Sikuridhika, maana mimi nikikasirika huwa najisikia vizuri tu.

Binti niliyepewa alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Alikuwa amekulia kituoni kule Kisongo mpaka alipopelekwa kwa mama mlezi, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Siku ya kwanza alinisalimia vizuri, shikamoo, marahaba, akanipa kigoda, akakaa chini akanitazama.

"Anti," akasema, "na wewe umetumwa mpaka lini?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia mimi ni wa tatu. Wa kwanza aliolewa akahamia Mwanza, wa pili alipata chuo. Wote walimwambia watarudi kumsalimia. Aliyasema hayo bila kinyongo, kama mtu anayekutajia vituo vya njiani.

"Mimi sijatumwa," nikamwambia. "Nimekuja kwa miguu yangu."

"Haya," akasema. Lile haya lake lilinichoma mpaka nikaapa moyoni kwamba huyu mtoto mimi simwachi.

Kilichotufungulia mazungumzo ni ng'ombe. Mama mlezi alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na yule binti ndiye aliyemkatia majani ya mabingobingo, akamkamua, akamwosha chuchu kwa maji ya vuguvugu. Alijua joto la masikio yake. Alijua akicheua vizuri na akicheua vibaya. Aliniambia akimaliza kidato cha nne anataka chuo cha mifugo.

"Uwe bwana mifugo?" nikamtania. "Na hiyo sketi?"

"Ng'ombe haangalii sketi, anti. Anaangalia mkono."

Jamani, nilicheka. Nikamwona ni mtu wa kazi, na mimi watu wa kazi nawapenda kuliko watu wazuri. Hata stoo ya pale aliifunga kifundi. Mlango haukuwa na kufuli, ulifungwa kwa waya uliopita kwenye matundu mawili. Akiingia kuchukua pumba aliuvaa ule waya mkononi kama bangili, akitoka aliurudisha na kuuzungusha mara tatu. Nikamuuliza kwa nini asiutundike tu kwenye msumari uliokuwa pale pembeni.

"Ukiutundika utausahau," akanijibu. "Ukiuvaa utakukwaruza mpaka uukumbuke."

Basi. Naomba hilo la waya mlishike, kwa sababu mimi niliyeonyeshwa kwa macho yangu nililiachia.

Jumamosi moja ya masika nilipanda kule na matope yangu miguuni, nikakuta watu wamejaa uani. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba limekaza kama ngoma, amekufa. Alikuwa amekata kamba asubuhi watu wakiwa shambani, akaingia stoo, akala mahindi makavu ya gunia mpaka tumbo likamshinda. Bwana mifugo alifika na sindano zake akakuta kazi imekwisha. Mama mlezi alikuwa amekaa chini, khanga imemwanguka begani, analia kwa sauti. Nilimwelewa. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa chai ya nyumba ile na sabuni na kila kitu.

"Nimemlea," alikuwa akisema, "nimemlea kama wangu, ameniulia ng'ombe!"

Binti alikuwa amesimama kwenye mgomba. Hakuwa analia. Alikuwa anasema neno moja tu, "Nilifunga. Nilifunga." Nami nilipopita mlangoni mwa stoo niliuona waya umening'inia kwenye msumari, mzima, umepangwa vizuri. Nikauona, nikapita.

Siku ya nne kikaitishwa kikao palepale nyumbani. Walikuja dada mratibu na afisa ustawi wa jamii, mwanamama mwenye faili chini ya kwapa. Mimi niliitwa kama mshauri wa mtoto. Mama mlezi akasema maneno yake kwa kifupi: aondolewe. Asingeweza kukaa na mtoto aliyeua ng'ombe na bado hakubali kosa. Angekubali, wangeongea, lakini huyu amekaza shingo.

Afisa akatueleza maana ya kuondolewa. Kule kituoni Kisongo hawachukui tena waliofikia umri ule. Familia nyingine ya karibu haikuwepo. Ingebidi atafutiwe mkoa mwingine, na shule angeikatiza, na hapo alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu amalize kidato cha nne. Nilimwangalia yule mtoto nikaona chuo cha mifugo kinaondoka hivihivi.

"Ulifunga mlango au hukufunga?" afisa akamuuliza.

"Nilifunga."

"Sasa ng'ombe aliingiaje?"

"Sijui. Mimi nilifunga."

Sasa hapa ndipo ujanja wangu uliponiponza. Mimi ni Mchaga, na mama mlezi ni Mchaga mwenzangu, ameolewa na Mmeru. Sisi wote wa milima hii miwili tunalijua sale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akiliona hawezi kukukataa, hata kama ulichoma nyumba yake moto. Na akishalipokea, jambo limekwisha, halitajwi tena. Nikamvuta mama mlezi pembeni ya jiko.

"Akija na sale?" nikamnong'oneza.

Akajifuta macho. "Akija na sale nitafanyaje? Siwezi kukataa. Nani anakataa sale?"

Nikajiona nimemaliza kesi. Haki ya Mungu, nilijiona mwerevu kuliko ofisi nzima. Nikaenda kwenye mpaka nikakata jani mwenyewe, nikalifunga fundo mwenyewe, nikamfuata binti nyuma ya zizi tupu.

Akaliangalia lile jani asilipokee. "Anti, sale ni la mwenye kosa. Bibi aliniambia."

Bibi ni mama mkwe wa mama mlezi, kikongwe wa Kimeru anayeishi kwenye chumba cha pembeni, na alimpenda yule mtoto kwa namna yake, kwa kumfundisha mambo ya mila na kumwita achambue mawe kwenye maharage.

"Ni jani tu," nikamwambia. "Beba umalize shule."

"Waya ulikuwa kwenye msumari. Mimi siutundiki kwenye msumari. Wewe unajua."

"Mambo ya waya hayatusaidii sasa hivi! Watu wamekaa wanasubiri na faili limefunguliwa."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima, sembuse mtoto.

"Kwa hiyo na wewe unaamini sikufunga?"

Ningemjibu ndiyo, ningekuwa mwongo. Ningemjibu hapana, ningekuwa rafiki. Nikamjibu, "Sijasema hivyo. Nimesema beba."

Akabeba. Alipita uani na lile jani mikononi, akapiga magoti mbele ya mama mlezi, na mama mlezi akalipokea huku analia, akamwinua, akamkumbatia. Dada mratibu alifurahi mpaka akapiga picha, akasema kumbe migogoro inaweza kutatuliwa kwa njia za asili. Afisa ustawi akaandika kwenye faili. Nilichungulia nikaona alivyoandika: Mtoto amekiri kosa na ameomba radhi. Nikaacha yabaki hivyo. Kwenye mkutano wa wajitoleaji nikasimamishwa nikapigiwa makofi, na mimi bila aibu nikainama kidogo kuyapokea.

Alibaki nyumbani kwa mama mlezi. Shule aliendelea. Ila mimi nilikuwa nimempoteza, na nilijua siku ileile. Nilipokuja alinipa kigoda, akakaa. Shule inaendaje? Nzuri. Unakula? Ndiyo. Unahitaji nini? Asante anti, hamna. Mama mlezi alipopata mtamba kwa ndugu zake wa Machame, binti aliambiwa asimsogelee, wala asikanyage stoo. Shuleni wenzake walimpachika jina, Muua Ng'ombe, na kanisani watu wazima walilijua. Mtoto aliyejua joto la masikio ya ng'ombe alikuwa anafagia upande wa pili wa uwanja huku mtamba analia njaa. Mimi nikirudi Sakina naweka tiki kwenye fomu: anafurahi kiasi.

Alipofika kidato cha nne, mpango ukaanza kuandaa barua za kuwaombea vyuo wale wanaomaliza. Nikapanda hadi kwa dada mratibu nikiwa na matumaini yangu. Akafungua faili, akakunja uso kwa huruma.

"Mifugo itakuwa ngumu," akasema. "Hapa imeandikwa amekiri kusababisha kifo cha mfugo. Mimi nitaandikaje kwamba ni mwangalifu? Lakini si wewe ni fundi cherehani? Mfundishe kushona."

Nikaenda kumweleza binti. Nilijipanga njia nzima jinsi ya kumwambia. Nilipomaliza, akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu ng'ombe afe.

"Si nimekiri, anti?" akasema. "Nilikiri, ukaona."

Akainuka akaenda kuchota maji. Nikabaki pale kwenye kigoda natamani kujipiga makofi. Ndipo nikamgeukia bibi, aliyekuwa kwenye ngazi ya chumba chake anamenya ndizi, nikaanza kulalamika kwa sauti, maana mimi nikiumia lazima nipige kelele. Nikasema, nikirudia maneno ya wote, laiti yule mtoto angefunga ule mlango siku ile, leo tusingekuwa hapa.

Bibi akaacha kumenya. "Nani hakufunga?"

"Binti, bibi. Stoo. Siku ya ng'ombe."

"Hapana," akasema, kwa utulivu kabisa. "Ule mlango niliufungua mimi. Nilikwenda kuchukua pumba za kuku wangu. Ule waya unaniumiza vidole, nikautundika kwenye msumari, nikasema nikirudi nitaufunga. Nikasahau."

"Bibi. Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nilimwambia mkwe wangu siku ya pili baada ya kikao, nilipokumbuka. Akaniambia sale limeshapokelewa, tusifukue. Nikajua mtoto naye ameambiwa. Hakuambiwa?"

Nilishavuka ua. Mama mlezi alikuwa jikoni anapepeta mchele, na akaniona usoni akajua. Aliweka ungo chini.

"Ulijua," nikamwambia. "Mwaka mzima na zaidi ulijua!"

"Ningesema nini?" akanijibu, naye kwa ukali. "Niwaite watu niwaambie mama mkwe wangu ndiye aliyeua ng'ombe? Nyumba hii ni ya mwanawe. Mimi ni mke wa watu hapa. Na sale lilishapokelewa. Unajua mila kama ninavyoijua."

"Mtoto wa watu anaitwa muuaji!"

"Na nani alimpa jani?" Alinyoosha kidole, akanigusa nacho kifuani. "Mimi sikuomba sale. Nilimtaka aondoke. Wewe ndiye uliyelikata, ukalifunga, ukamwekea mikononi. Usije ukanisimamia jikoni kwangu kana kwamba mikono yako ni misafi."

Nimeshatukanwa na madereva wa malori, nimeshatukanwa na askari wa barabarani, lakini hakuna tusi lililowahi kunikalia sawasawa kama ule ukweli. Nikatoka, na kule chini njiani nikampigia dada mratibu. Akanisikiliza. Akasema nijaze fomu ya tukio, kamati itakaa, nisiongee na mama mlezi kwa sasa, na nikumbuke kwamba taarifa ya ule usuluhishi ilishatumwa kwa wafadhili pamoja na picha.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto asisumbuliwe kwanza mpaka kamati ikae."

Ebo! Mtoto asisumbuliwe! Nikamwambia kamati ikae, ilale, iamke, mimi siisubiri. Akasema dada, kuna masharti. Nikasema masharti yenu nayajua, hili la kugombana na mama mlezi nimeshalivunja dakika kumi zilizopita, endeleeni kuhesabu. Nikakata simu. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima.

Nilikaa wiki nzima nashona nakosea mishono. Kumwambia binti faraghani kwamba samahani, nilijua wapi nilikosea, kusingetosha. Jina alipakwa hadharani, na sale lilipokelewa hadharani. Nikamuuliza kaka yangu mkubwa kama mtu mzima anaweza kumpelekea mtoto sale. Akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Sale linapanda, linakwenda kwa baba, kwa mama, kwa mume, kwa ukoo. Kwa mtoto halijawahi kwenda, tena mtoto asiye na ukoo, nani atalipokea kwa niaba yake? Nikamwambia atalipokea mwenyewe, ana mikono miwili.

Jumapili nikapanda mapema na gauni langu la kitenge. Nikapita mpakani kwa mama mlezi, kwenye mmea uleule, nikakata jani. Safari hii nilipolifunga fundo vidole vilikuwa vizito. Nikaliweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaingia kanisani kwao nikakaa nyuma.

Kule baada ya ibada huwa kuna mnada. Waumini walioleta sadaka ya mazao badala ya kuweka bahasha, vitu vyao vinauzwa palepale nje: mayai, maparachichi, mikungu ya ndizi, jogoo. Watu wote wanabaki uwanjani, hakuna anayekimbilia nyumbani. Mzee wa kanisa alikuwa ameinua jogoo juu anamsifia mapaja, watu wanacheka. Mama mlezi alikuwa pale, na bibi amewekewa kiti chini ya ukuta. Binti alikuwa amesimama na wanakwaya wa vijana, lakini kando yao kidogo.

Nikalitoa jani. Nikalishika kwa mikono miwili. Nikaanza kutembea.

Kimya kilikuja kidogokidogo, waliokuwa karibu kwanza. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa mtu aliyebeba sale. Waligeuka kuangalia ninampelekea nani. Nilimpita mchungaji, nikampita mama mlezi, aliyeshika mdomo. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Anakwenda kwa mtoto? Jamani, mzuieni!" Hakuna aliyenizuia. Nikafika mbele ya yule binti nikapiga magoti kwenye nyasi, na magoti yangu si ya kuchezea, miaka ya cherehani imeyamaliza.

"Mwanangu," nikasema, "nilikukosea. Ulisema ulifunga mlango nami sikukutetea. Nilikukatia sale la kosa lisilo lako nikakulazimisha ulibebe. Hili ni la kosa langu. Nisamehe."

Hakulipokea. Mikono yake ilibaki kwenye mapindo ya sketi. Nilisikia watu wanavuta pumzi, maana sale halikataliwi. Mimi nilikaa pale na mikono juu nikasema moyoni, hata akikataa ni haki yake, nitakaa hapa mpaka nyasi zinizidi kimo.

"Mlango?" akauliza.

"Ulifunga."

"Sema kwa nguvu, anti. Wale wa kwenye mnada hawajasikia."

Nikajaza kifua. "Mlango alifunga!" nikapiga kelele mpaka jogoo akapiga mabawa. "Alifunga, na ng'ombe hakuuawa na yeye!"

Kule ukutani bibi akagonga fimbo yake chini. "Kweli alifunga," akasema. "Niliufungua mimi. Nilidhani mnajua wote."

Mama mlezi akajifunika uso na khanga. Hakuna aliyemsemesha, na mimi sikumwonea raha wala huruma. Binti akamtazama bibi, akamtazama mama mlezi, kisha akainama akalichukua lile jani mikononi mwangu.

"Nimelipokea," akasema. Na kabla sijainuka, kabla mtu hajaanza kupiga vigelegele, akaongeza, "Lakini msiseme limekwisha. Lile la kwanza liliandikwa. Na hili liandikwe."

Hiyo haimo katika mila. Mzee wa kanisa alifungua mdomo aseme hivyo, nikamwona, akaufunga.

Jumatatu hakwenda shule. Tulikwenda wote wawili ofisi ya ustawi, yeye na sare yake, mimi na ule ujumbe wa mratibu kwenye simu unaoniambia nirudishe kitambulisho na fulana kwa kukiuka masharti. Afisa alituketisha. Nilimweleza yote, nikimkatiza kila akitaka kunikatiza. Akafungua faili, akasoma yale maandishi yake ya zamani, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Kilichoandikwa siwezi kukifuta," akasema.

"Usifute," binti akasema. "Ongeza chini yake."

Afisa akanitazama mimi, nikamtazama ukuta. Yalikuwa mambo yao wawili. Akageuza ukurasa, akaandika tarehe.

"Haya. Niandike nini?"

"Andika mtoto alifunga mlango."

Akaandika. Kisha akasimamisha kalamu. "Hapa lazima niweke chanzo cha taarifa. Niandike amesema nani? Bibi? Au huyu anti yako?"

Nikafungua mdomo kujitaja. Yule binti akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, kunizuia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ng'ombe nikaona amekaa sawasawa kwenye kiti, mgongo wote umegusa.

"Andika nimesema mimi," akamwambia. "Nilisema tangu siku ileile."